Jinsi ya Kuombea Habari Unazoziona Kwenye Simu: Mwongozo Kamili kwa Mkristo

Wasomaji wengi wanaoniandikia kuhusu maombi wanakwama mahali pamoja. Wanaona habari ya ajali, mafuriko au vita, moyo unashtuka, wanaandika "Mungu awatie nguvu", wanaweka alama ya mikono iliyounganishwa, kidole kinasogea kwenye habari inayofuata. Usiku wakipiga magoti hawakumbuki hata moja. Au zinawajia zote kwa mkupuo, wanaomba "kwa ajili ya wote wanaoteseka duniani", wanainuka na hofu kubwa kuliko waliyopiga nayo magoti.

Hawa ni watu wanaopenda kuomba. Kinachowakosesha ni utaratibu. Simu humwaga habari mia kwa saa moja, na moyo wa mwanadamu hauwezi kubeba mia.

Nehemia alipata habari moja. Ndugu yake Hanani alifika Shushani mwezi wa Kisleu, akamweleza kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na watu wako katika dhiki. Aliketi, akalia, akafunga, akaomba. Alipofungua kinywa mbele ya mfalme wa Uajemi aliyemtumikia ulikuwa mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye. Habari moja, miezi minne ya maombi. Hatua zote hapa chini zinakupeleka huko: habari chache, zinazoombewa kwa kina, na zinazofuatiliwa.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla hujavipata, kwa sababu anayekwenda kuvitafuta katikati ya maombi huishia tena kwenye simu.

- Biblia ya karatasi. Ukisoma zaburi kwenye simu, ujumbe utaingia juu ya mstari wa pili na wewe utaufuata.
- Daftari dogo na kalamu. La shule linatosha. Liwe la kazi hii tu, lisichanganywe na hesabu za duka wala maandalizi ya mahubiri.
- Vyanzo viwili vya habari unavyoviamini, vyenye wahariri na anwani inayojulikana. Ukurasa unaobadilisha jina kila mwezi usiuhesabu.
- Mwenzi mmoja wa maombi. Mke, mume, dada wa kwaya, jirani wa jumuiya, yeyote anayetunza siri.
- Fedha kidogo iliyotengwa. Hata shilingi elfu mbili za Tanzania kwa wiki. Sababu yake utaiona hatua ya 9.

## Hatua ya 1: Iwekee habari saa yake

Zima arifa za kurasa za habari na za magroup makubwa. Kisha chagua saa moja ya siku ambayo wewe ndiwe utakayeziendea habari, badala ya kuziacha zikufuate jikoni, kwenye daladala na kitandani. Kwa aliyeko Tanzania, taarifa ya saa 2 usiku ni nafasi nzuri. Kenya, ile ya Kiswahili ya saa 1 jioni. Anayefanya kazi zamu ya usiku achague mchana.

Habari ikikukuta kazini utaishia kusikitika na kuendelea, kwa sababu huna nafasi ya kufanya lingine. Masikitiko ya namna hiyo yakirudiwa mara ishirini kwa siku huua huruma, na mtu akishazoea vifo hasikii tena uzito wake.

Saa hiyo isiwe ya mwisho kabla ya kulala. Acha angalau nusu saa kati ya habari na usingizi, maana ndani ya nusu saa hiyo ndimo utakamofanyia hatua zinazofuata.

Baada ya wiki moja utaona kwamba hukupitwa na lolote la maana. Mambo makubwa yatakufikia tu.

## Hatua ya 2: Hakikisha kabla hujaomba wala kusambaza

Mithali 18:13 inasema, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Kuomba ni kujibu pia. Anayeombea uvumi huwapelekea wenzake uvumi huo ukiwa umevaa kanzu ya kanisa, na watu huuamini zaidi kwa sababu umetoka kwenye group la maombi.

Jiulize maswali matatu: nani amesema, wapi, lini? Kwenye WhatsApp tazama kama juu ya ujumbe kuna mishale miwili iliyofuatana. Inamaanisha umeshapita mikono mingi, na aliyekutumia huenda hamjui aliyeuandika. Video ya mafuriko isiyo na tarehe wala jina la mahali inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita, ya nchi nyingine kabisa.

Hata habari ya kweli hubadilika siku za mwanzo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalisomba nyumba na watu karibu na Mai Mahiu, Kenya. Asubuhi ile ilitangazwa kote kwamba bwawa limepasuka. Baadaye maofisa walieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, pale njia ya kupitishia maji ilipoziba kwa takataka na magogo, kisha yakafumuka. Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, idadi ya waliokufa iliyotangazwa siku ya kwanza ilipanda mara kadhaa hadi ikapita 20. Aliyeandika "wafu ni kadhaa tu, tumshukuru Mungu" alilazimika kunyamaza kesho yake.

Kwa hiyo siku ya kwanza ombea watu, usiombee maelezo. Familia zinazotafuta ndugu zao zipo, hata kama chanzo cha maafa hakijajulikana.

Ukiwa na mashaka, Mungu hazuiliwi na mashaka yako. Mwambie, "Bwana, sijui kama hili limetokea. Wewe unajua. Kama wapo, wafikie." Hapo umeomba. Ila kusambaza, ngoja kwanza.

Na zile jumbe za "tuma kwa watu kumi, usipotuma utapata mkosi", au "andika Amina kabla hujapita", zifute mara moja. Vitisho hivyo havitoki kwa Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, na hakuna baraka utakayoikosa kwa kuvifuta.

## Hatua ya 3: Chagua moja

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu kuchagua kunaonekana kama kuwatupa wengine. Wanajiuliza, niombee Katesh iliyofunikwa na tope niache Goma yenye vita? Niombee wagonjwa wa hapa niache njaa ya kule?

Hukuitwa kuwa mwombezi pekee wa dunia. Kanisa ni mwili, na usiku huu huu kuna mama Bukavu anayeombea jambo ambalo wewe umeliacha. Aliyepewa mzigo mmoja akaubeba vizuri ametimiza sehemu yake.

Chagua kwa kutazama mambo haya:

Una uhusiano nalo? Nesi aliyesoma habari za mlipuko wa ugonjwa anajua wodi inavyokuwa usiku. Dereva wa lori anaijua barabara ile ya ajali. Mkongomani anayeishi Nairobi au Ulaya, waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, alikuwa na shangazi huko asiyepatikana kwa simu. Maombi yenye macho hutoka kwa mtu anayefahamu anachokiombea.

Limebaki moyoni? Habari iliyorudi akilini ulipokuwa unaosha vyombo ina haki ya kuombewa kuliko ile iliyokushtua kwa dakika moja.

Kuna anayeliombea? Jambo linalotajwa na kila mtu lina waombaji wengi. Yale ya aya moja ukurasa wa ndani, mgogoro wa ardhi kijijini, watoto waliozama kisimani, mara nyingi hayana mtu.

Zilizobaki zitaje mbele za Mungu kwa sentensi moja moja, kisha ziachie. Ukiweza kutaja kwa mdomo mmoja jambo moja tu ulilolibeba leo, bila kusitasita, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 4: Funga simu, andika ukurasa

Weka simu kwenye hali ya ndege na uiache chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, mkono unaijua njia.

Sasa andika habari yako kwenye daftari, kwa maneno yako. Kuandika kunakulazimisha uone watu pale ambapo skrini ilikuonyesha tukio. Mfano wa ukurasa, kwa maporomoko ya tope yaliyotoka Mlima Hanang:

> *Katesh, Hanang, Manyara. Jumapili 3/12/2023.*
>
> *Nini: mvua kubwa, tope, mawe na miti vimeshuka kutoka mlimani mpaka mjini. Nyumba na maduka vimefunikwa.*
>
> *Nani: waliofiwa. Waliolazwa. Watoto ambao wazazi hawajaonekana. Wafanyabiashara waliopoteza mtaji wote.*
>
> *Wanahitaji nini usiku huu: pa kulala, maji safi, blanketi, habari za ndugu zao.*
>
> *Nani anawasaidia: askari wanaofukua tope, madaktari, Msalaba Mwekundu, wachungaji na mapadri wanaozika.*
>
> *Nani ana mamlaka: mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, serikali kuu.*
>
> *Nini bado sikijui: ni wangapi hasa. Itakuwaje kwa mashamba.*

Ona mstari wa "wanahitaji nini usiku huu". Ukiujaza vizuri, maombi yako hayatarudi tena kwenye "wabariki, wape amani". Utaomba blanketi. Utaomba maji safi, kwa sababu umeshafikiri nini hufuata pale vyoo na visima vinapofukiwa na tope.

Usinakili habari nzima. Nusu ukurasa unatosha. Acha nusu ya chini wazi, utaihitaji.

## Hatua ya 5: Omboleza kabla ya kuomba chochote

Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Sisi tunapenda kuruka kilio tuende moja kwa moja kwenye ushindi. Tunafanya hivyo hata misibani, kumwambia mama aliyefiwa "usilie, Mungu ana makusudi" kabla hata mwili haujatoka mochwari.

Soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari sita tu, na inaanza na swali: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba lolote. Isome polepole ukiwaweka watu wa ukurasa wako kinywani mwa Daudi. Mama wa Katesh ndiye anayeuliza. Kisha kaa kimya.

Ukikosa maneno, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua ni maombi. Dakika tatu za kimya zinatosha kwa anayeanza.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: usitazame picha za maiti ili ujitie huruma. Marehemu ana heshima yake, na ndugu zake hawakukuruhusu. Picha zile hukaa machoni kwa muda mrefu na huleta jinamizi, wala hazimsaidii aliyefiwa. Ya pili: kama wewe mwenyewe umefiwa karibuni, au uliwahi kunusurika na tukio kama hilo, usifanye hatua hii peke yako. Mwite yule mwenzi wako.

## Hatua ya 6: Ukunjue ukurasa mbele za Bwana

Mfalme Hezekia aliletewa waraka wa vitisho kutoka kwa mfalme wa Ashuru. Aliusoma, kisha akaupeleka nyumbani kwa Bwana na kuukunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Alimwambia Mungu atege sikio asikie, afumbue macho aone. Fanya hivyo na daftari lako. Liweke wazi mbele yako, kwenye kiti au kitandani, uombe mstari kwa mstari, kwa sauti inayosikika angalau na wewe.

Mfano, kwa ukurasa ule wa juu:

> *Baba, hawa ndio watu wa Katesh. Wewe uliwaona kabla mimi sijaona. Usiku huu wapo wanaolala darasani, juu ya sakafu. Wape joto. Yule mtoto anayeuliza mama yuko wapi, mpe mtu mzima wa kumshika mkono, asiwe mtu mwenye nia mbaya. Wanaofukua tope wape nguvu ya mikono, uwalinde na miamba iliyolegea. Madaktari wasikose damu wala dawa. Wenye mamlaka wape macho ya kuona na aibu ya kutokula msaada wa maskini. Bwana, hata lini? Tunakungoja wewe. Katika jina la Yesu, Amina.*

Ni maombi mafupi, lakini hakuna sentensi inayoweza kuhamishiwa kwenye tukio lingine bila kubadilishwa. Hicho ndicho kipimo chako. Ukimaliza, jiulize: maombi haya yangefaa pia kwa ajali ya basi ya mwezi uliopita? Kama yangefaa yote, rudi hatua ya 4 ukaandike upya.

Wenye mamlaka usiwaruke hata kama huwapendi. 1 Timotheo 2:1-2 inaagiza dua kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na Paulo aliandika hayo chini ya utawala wa Rumi, ambao haukuwa rafiki wa kanisa.

Onyo kubwa: usimweleze Mungu, wala watu, kwamba waliokufa walikuwa na dhambi fulani. Baada ya kila maafa hutokea mtu kwenye mitandao anayetangaza hukumu. Yesu aliletewa habari ya namna hiyo hiyo, akataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, akauliza: mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Kisha akawageukia waliokuwa wanasikiliza na kuwaita watubu (Luka 13:1-5). Toba inaanza kwa msomaji wa habari.

## Hatua ya 7: Habari inayokukasirisha

Hii naitenga kwa sababu haifanani na maafa. Mafuriko hayana mtu wa kumchukia. Siasa, ufisadi, mauaji, ugomvi wa madhehebu na kashfa za watumishi wa Mungu vina sura na majina, na chini yake kuna nafasi ya kuandika maoni.

Chukua tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana wa Kenya waliandamana kupinga muswada wa fedha, wengine wakaingia bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Wakristo walikuwa kila upande: barabarani, ndani ya sare za polisi, kwenye viti vya wabunge, na majumbani wakingoja mtoto arudi. Anayeombea siku kama hiyo afanye hivi.

Kwanza, mwambie Mungu hasira yako yote bila kuipaka rangi. Zaburi zimejaa hasira, na waliozitunga walijua pa kuipeleka. Hasira iliyopelekwa kwa Mungu haihitaji tena kumwagwa kwenye maoni.

Pili, liombee kila kundi, kwa utaratibu, kuanzia aliyeumizwa. Mama aliyefiwa atangulie. Usimtangulize mwenye bunduki ili uonekane mtu wa msamaha. Kisha fika hata kwake. Mathayo 5:44 haikuacha mlango wa nyuma: waombeeni wanaowaudhi. Kumwombea muuaji ni kumwomba Mungu amkamate, amfichue, amvunje moyo, amgeuze. Si kumwombea aponyoke mahakama.

Tatu, jiwekee sheria hii: *sitaandika neno kuhusu mtu yeyote mtandaoni kabla sijamwombea mtu huyo kwa jina lake.* Ijaribu kwa wiki moja. Maoni mengi yatafia hapo, na yale yatakayobaki yatakuwa na akili.

Nasema yatabaki, kwa sababu yapo yanayopaswa kusemwa. Baadhi ya watumishi hufundisha kwamba ukishaomba unyamaze, mambo ya wakubwa uwaachie wakubwa. Nakataa. Nehemia aliposikia kilio cha maskini waliokuwa wanaweka rehani mashamba na watoto wao, alikasirika sana, akashauriana na nafsi yake, kisha akawakemea wakuu uso kwa uso na kuitisha mkutano (Nehemia 5). Mpangilio wake unafaa kuigwa: kusikia, kukasirika, kutafakari, ndipo kusema.

Utajua umepiga hatua siku utakapoweza kulitaja jina la mwanasiasa au mchungaji yule, yule yule unayemfikiria sasa hivi, bila meno kukazana.

## Hatua ya 8: Ombi linapoletwa kwenye group

Hapa nitakuwa mfupi, kasoro zake zinajulikana. Mtu ameandika, "Naombeni maombi, mwanangu kalazwa." Majibu hamsini ya "Amina" na "Pole" yanafuata ndani ya dakika kumi.

Omba kwanza, jibu baadaye. Ukishaomba kweli, mwandikie mwenyewe, nje ya group, sentensi mbili: "Mama, nimemwombea Baraka sasa hivi, nimeomba homa ishuke usiku huu. Kesho asubuhi nitakuuliza." Ukiweza, mtumie ujumbe wa sauti ukiomba. Aliyekaa benchi la hospitali saa 8 usiku ataurudia zaidi ya mara moja.

Usiulize ugonjwa gani kama hakuutaja. Usimhamishie mtu ombi lake kwenye group lingine bila ruhusa yake, hasa likiwa la ndoa, ujauzito au majibu ya vipimo. Watu wamepoteza kazi na wachumba kwa "tumwombee dada yetu" iliyotoka na maelezo kamili.

## Hatua ya 9: Fanya jambo moja lenye mkono

Antiokia, nabii Agabo alipotabiri njaa kubwa, wanafunzi waliazimu kila mtu, kwa kadiri alivyofanikiwa, kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, wakautuma kwa mikono ya Barnaba na Sauli (Matendo 11:28-30). Hakuna kinachoonyesha kwamba walisubiri tajiri mmoja ajitokeze. Tazama pia walimtuma nani: watu wanaojulikana.

Hayo ndiyo mambo mawili ya kukumbuka. Toa kadiri yako, na pitishia kwa mikono inayojulikana. Baada ya kila maafa huzuka namba za simu za michango zenye picha za kuliza. Kabla hujatuma, hakikisha jina linalotokea kwenye muamala ni la taasisi iliyotajwa. Piga simu kwa dayosisi, jimbo au ofisi ya Msalaba Mwekundu uulize. Jina likiwa la mtu binafsi usiyemjua, usibonyeze namba ya siri.

Kama huna fedha, ipo damu: hospitali nyingi hupungukiwa damu siku ya ajali kubwa. Zipo nguo, upo muda wa kumtembelea jirani ambaye kwao ni kule palipotokea tukio. Au kumpigia simu mbunge au diwani wako, ukauliza mfereji wa mtaani kwenu utazibuliwa lini kabla ya masika.

Fanya moja tu, na uliandike kwenye ukurasa. Ukilifanya ndani ya siku tatu umefaulu. Baada ya hapo habari nyingine huifunika ile ya kwanza.

## Hatua ya 10: Rudi kwenye ukurasa

Ile nusu ya chini uliyoiacha wazi ni ya hatua hii. Weka alama ya siku ya kurudi: baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu. Siku hiyo itafute habari ile kwa jina lake, andika kilichotokea, uombe tena kwa hali mpya.

Kamera huondoka kabla ya mazishi kwisha. Waathirika wa Katesh walipoacha kuonekana kwenye taarifa ya habari, ndipo walipoanza maisha ya kuhifadhiwa na ndugu, ya watoto kurudi shule bila madaftari, ya kungoja. Nyumba mpya kwa ajili yao zilikuja kujengwa baadaye, habari ile ikiwa imeshapoa. Aliyerudi kwenye ukurasa wake aliandika "nyumba" na kumshukuru Mungu. Aliyeweka mikono iliyounganishwa tarehe 4 Desemba hakupata furaha hiyo, kwa sababu hakujua.

Zipo kurasa ambazo utarudi ukute hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoto hakuonekana. Vita vimesogea. Andika hivyo hivyo, kwa wino ule ule, weka tarehe. Usimtetee Mungu kwa kuipamba. Kisha rudia Zaburi ya 13, na safari hii fika mpaka mstari wa mwisho kama utaweza. Usipoweza, ishia ulipofika na umwombe mwenzi wako akusomee uliobaki.

## Mahali watu wanapokwama

"Nikianza kuomba, akili inarudi kwenye video." Soma ukurasa wako kwa sauti kutoka juu. Ikirudi tena, simama, tembea ukiomba. Ikiendelea kwa siku kadhaa, ukashindwa kula au kulala, acha kuombea tukio hilo, waachie wengine, na uzungumze na mchungaji au mhudumu wa afya.

"Nimeruka siku nne." Usilipe deni la siku nne. Fungua ukurasa wa mwisho, uombe huo.

"Kikundi chetu kinaorodhesha habari kwa dakika arobaini, tunaomba dakika tano." Mteue mtu mmoja kila wiki aje na ukurasa mmoja ulioandikwa. Ausome, dakika tatu. Hakuna kuongeza habari, hakuna uchambuzi wa siasa. Kimya, dakika mbili. Kisha kila mmoja achukue mstari mmoja wa ukurasa na kuuombea huo tu. Simu zikusanywe kwenye kikapu mlangoni, ya mchungaji ikiwemo. Mwishoni aliyeleta ukurasa aseme tarehe atakayorudi na majibu, na katibu aiandike.

"Sina muda wa hatua zote kumi." Wiki hii fanya ya 3, ya 4 na ya 6, usiku mmoja tu. Alhamisi, kwa mfano. Wiki ijayo ongeza ya 10.